Mwezi wa Sita Mfukoni Hamna Korosho

Mwaka juzi mwanangu wa pili alianza kuumwa goti kila Jumanne na Alhamisi. Jumatatu anakimbia, Jumatano anapanda mwembe wa jirani, lakini ikikaribia saa kumi na nusu ya siku ya mazoezi, goti linamuuma. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Nikampeleka zahanati, wakambonyezabonyeza, wakasema hawaoni kitu. Wiki ya tatu nikamkuta uani amekaa karibu na karo la kufulia, ameshika sindano ya mkono na uzi wangu wa cherehani, anashona soli ya raba yake. Ulikuwa uzi mweupe, ule mwembamba wa kushonea mashati ya shule. Uzi ule haushiki soli. Akauvuta, ukakatika. Akauvuta tena, ukakatika tena.

Nilipomuuliza akasema, "Mama, kocha amesema asiye na njumu asije, uwanja una vipande vya chupa."

Alikuwa na miaka 11. Jioni iliyotangulia aliniona nahesabu hela ya kodi ya fremu mezani, ikapungua, nikaihesabu upya. Hakuniambia neno. Aliamua kuumwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini. Nashona sare za shule, magauni ya shughuli, na kwa miaka kadhaa sasa nashona jezi za timu za watoto za mtaani. Kwa hiyo jambo hili naliona kutoka pande mbili. Mzazi anayeambiwa alete hela ni mimi, na mtu ambaye hela hiyo inaishia mkononi mwake ni mimi pia. Tangu siku ile ya karo nimelifikiria sana, na nimefika mahali ninapotaka kusema wazi: watoto wetu wengi huku kusini hawakosi michezo kwa sababu ada ni kubwa. Wanakosa kwa sababu ada inadaiwa katika mwezi ambao nyumbani hamna kitu, tena inadaiwa kwa namna inayomtia mtoto aibu.

Nianze na hela yenyewe. Kituo kimoja cha kukuza vipaji kilikuwa kinatoza shilingi 20,000 kwa mwezi. Mtu wa mshahara ataona si nyingi. Lakini ada ni mlango tu. Ukishaingia unakuta jezi, bukta na soksi. Njumu za mtumba, ukipata nzuri ambayo meno yake hayajalika, ni 20,000 na zaidi, na mguu wa mtoto haukungoji. Kuna shinigadi za kukinga ugoko. Kuna nauli ya bodaboda uwanja ukiwa mbali, na kwa watoto wa Msangamkuu kuna kuvuka bahari kwanza, kwenda na kurudi. Kuna maji ya kunywa. Kikija kikombe kuna mchango wa kusajili timu, wa gari, wa chakula cha safari. Kisha ghafla inatakiwa nakala ya cheti cha kuzaliwa ili kuthibitisha umri, na mtoto aliyezaliwa kijijini kwa mkunga hana cheti, kwa hiyo mama yake anaanza safari nyingine ya ofisi, picha na ada ya kuchelewa.

Kituo hicho kilikuwa na kundi la WhatsApp la wazazi. Kila tarehe 5 ilikuwa inatumwa orodha: waliolipa wana alama ya vema, wasiolipa wana msalaba mwekundu. Majina kamili ya watoto. Nilikuwa nafungua simu tarehe hiyo moyo unanidunda hata mwezi ambao nimelipa, kwa sababu naona msalaba kwenye jina la mtoto wa mama ninayekutana naye bombani kila asubuhi. Mwezi mmoja ikaandikwa fulani ametoka kwenye kundi. Wiki iliyofuata mtoto wake hakuonekana uwanjani. Hakuna aliyeuliza. Sikuuliza hata mimi, na jambo hilo linanisumbua mpaka leo, kwa sababu mtoto yule alikuwa winga mwenye mbio ambazo sijaziona tena.

Simlaumu kocha. Kocha wa watoto huku hana mshahara, anakuja kwa miguu, anapuliza filimbi ya kwake, na mipira inapasuka kwa miba. Hela lazima itoke mahali. Swali langu ni lini, na kwa njia gani.

Anayeishi Mtwara anajua mwaka wetu unavyokwenda. Mikorosho inaanza kuchanua kuanzia mwezi wa tano, na hapo mkulima anaingia kazini na bomba mgongoni kupuliza dawa ya salfa, asipopuliza ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza maua. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba ni miezi ya kutoa. Palizi imeshakula akiba, vibarua wanataka chao, bomba limeharibika, mafuta yake yanatakiwa. Korosho zinaanza kuokotwa mwezi wa tisa hivi, minada inaanza mwezi wa kumi, na hela inaingia akaunti baada ya chama cha msingi cha ushirika kupeleka mzigo ghalani na mnada kupita. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa kwanza, Mtwara ni nyingine. Mabati yanapanda juu ya nyumba, pikipiki mpya zinapita, na mimi nalala saa nane za usiku kwa magauni ya unyago.

Sasa angalia kalenda ya michezo ya watoto. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na yale ya sekondari, UMISSETA, huchezwa katikati ya mwaka. Kata zinachuja, wilaya zinachuja, mkoa unaunda timu, na ikifika mwezi wa sita fainali za taifa. Mtwara tumekuwa wenyeji wa fainali hizo, mwaka 2019 na tena 2021, na nakumbuka watoto wa mikoa yote walivyoujaza mji, kila mkoa na rangi yake ya tracksuti. Nilisimama barabarani nikiangalia mishono, maana ndiyo kazi yangu, na nikajiuliza kila nguo ile imelipwa na nani. Michujo yote ile inaangukia palepale kwenye miezi ya salfa. Mtoto anapochaguliwa timu ya kata, anarudi nyumbani na habari njema siku ambayo baba yake anakopa hela ya mafuta ya bomba.

Nina ndugu yangu wilayani Tandahimba, mtoto wa mama mdogo. Kijana wake alichaguliwa timu ya wilaya. Akaambiwa alete raba mpya, tracksuti, ndoo, shuka na hela ya matumizi. Kwa jumla haikufika shilingi 80,000. Baba yake hakuwa nazo. Akafanya kile ambacho watu wengi huku wanafanya na hawakisemi: akauza kangomba. Maana yake aliuza korosho zingali maua mtini. Akachukua hela ya mtu kimyakimya, nje ya mfumo rasmi wa mauzo wa stakabadhi ghalani, kwa ahadi kwamba msimu ukifika atampimia kilo nyingi kwa bei ya kutupa. Mwezi wa kumi bei ya mnada ilipotangazwa, akakaa na karatasi akapiga hesabu. Mzigo aliomkabidhi yule bwana ungelipa safari ile mara tatu na chenji ikabaki. Aliniambia, "Dada, mtoto wangu alikimbia mita mia nne, mimi nimelipia mita elfu moja na mia mbili."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imeshika magoti. Hajutii, kijana wake alifika mbali. Mdogo wake kijana huyo naye anakimbia vizuri, na amekatazwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kushusha ada peke yake hakutoshi. Ukimwambia baba wa Tandahimba badala ya 80,000 alete 40,000, lakini alete mwezi wa sita, bado unamsukuma kwa mnunuzi wa kangomba, na kwa hesabu ile ya mara tatu, 40,000 hiyo itamgharimu zaidi ya 80,000. Ukimwambia alete 80,000 ile ile mwezi wa kumi na moja, ataitoa bila kukopa kwa mtu. Na kama hana kabisa, mwezi huo jirani yake anayo.

Kalenda haifanani kila mahali, najua. Wenzetu wa Lindi, upande wa Nachingwea na Liwale, wana ufuta unaouzwa mwezi wa sita na wa saba, kwa hiyo kwao hesabu inapanda tofauti. Mvuvi wa Msangamkuu au Mikindani yeye anahesabu kwa maji ya bahari, bamvua na maji mafu, wiki hii ana hela, wiki ijayo hana. Mama ntilie anapata kila siku kidogo kidogo na hawezi kushika 20,000 kwa mkupuo, lakini 500 kila jioni anaiweza. Ada ya tarehe 5 ya kila mwezi imetungwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Hapa kwetu watu hao ni wachache.

Serikali imefanya sehemu yake na ni haki kusema hivyo. Tangu Januari 2016 ada za shule za serikali zimefutwa mpaka kidato cha nne, michango ikatakiwa iwe ya hiari na yenye kibali, na shule zinapelekewa ruzuku ya uendeshaji. Lakini kiwango chake kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na ndani yake kuna vitabu, chaki, mitihani, ukarabati na michezo. Mpira mmoja wa kueleweka unakula fungu zima la watoto wanne. Mwalimu wa michezo anabaki na watoto mia nane na mpira uliotoka kibofu.

Baada ya ile siku ya karo, wazazi sita tulikaa kwenye fremu yangu, jioni moja, juu ya majora ya vitambaa kwa kuwa viti havikutosha. Hatukuanzisha kituo wala chama. Tulizungumza na kocha wa timu ya mtaani kwetu na tukakubaliana mambo machache, na nayaandika hapa kwa sababu yamekaa misimu miwili bila kuvunjika.

La kwanza lilikuwa daftari. Mchango wa mwaka mzima unakusanywa kuanzia mnada wa pili wa korosho mpaka shule zinapofunguliwa Januari. Anayelima analipa kwa mkupuo. Asiyelima analipa anavyoweza, hata mia tano mia tano, na daftari linakaa kwa mama mmoja mtu mzima ambaye hatumi orodha popote. Ukitaka kujua umefikia wapi unakwenda kwake unamsalimia, "Shikamoo mama," anakuitikia, anakufungulia ukurasa wako peke yako, ameziba kurasa nyingine kwa kiganja. Nimemwona anavyoziba. Anatandaza vidole vyote vitano.

Kuna wanaolipa bila hela. Baba mmoja fundi seremala alitengeneza magoli, mama mmoja analeta maji ya kunywa siku za mechi, bodaboda mmoja anabeba watoto wawili wa mbali kila Alhamisi. Mimi nashona. Haya yote yanaandikwa kwenye daftari kwa thamani yake, sawa na hela, ili mtoto wa seremala asionekane anacheza bure.

Kisha kuna sanduku la njumu. Wazo hili halikutoka kwa mtu mzima, lilitoka kwa mwanangu. Mguu ulipokua, njumu tulizomnunulia mwishoni zilimbana, akauliza kwa nini asimpe mwenzake. Tukachukua sanduku la bati, lile la kupelekea watoto bweni, tukaliweka stoo ya fremu. Sheria ni moja: kila mtoto, mwenye nacho na asiye nacho, anavaa njumu zake kutoka sandukuni. Mwenye zake mpya anazileta sandukuni na kuzichukua humo humo. Wanavalia ndani, wanatoka pamoja. Ukisimama nje huwezi kujua nani kanunua na nani kaazima. Kabla ya hapo tulijaribu kuwagawia viatu wale "wasiojiweza" mbele ya wenzao, na watoto wawili walivikataa wakacheza pekupeku kwenye vipande vya chupa. Mtoto anajua heshima yake ilipo.

Mila zetu zinatusaidia hapa, na nashangaa hatuzitumii. Mwali anapotolewa unyagoni, je, mama yake anabeba peke yake? Watu wanatunza. Huyu khanga, huyu mchele, huyu kuku, na mwali ana somo wake anayesimama naye toka mwanzo mpaka mwisho. Familia maskini kabisa inamtoa mwanawe na shughuli inafana. Kwa hiyo tulisema kila mtoto ambaye nyumbani hali ni ngumu awe na somo wa michezo, mtu mzima mmoja anayehakikisha ana soksi, amekula kabla ya mazoezi, na cheti chake cha kuzaliwa kimefuatiliwa. Mtoto haambiwi kwamba amepewa mfadhili. Anajua tu kwamba mama fulani anampenda. Mimi nina wawili.

Nataka kukaa kidogo kwa wasichana, kwa sababu huko ndiko nilikoumia zaidi. Mabinti wa mtaani kwetu wanajua kucheza. Wape chupa tupu na mpira wa soksi wacheze rede, uone binti wa miaka tisa anavyokwepa mpira huku anajaza mchanga kwenye chupa, wenzake wawili wanamrushia kutoka pande zote mbili kwa nguvu ya kuvunja dirisha. Macho, miguu, hesabu, vyote vimo. Lakini ikija timu yenye jina, wanapotea. Wazee walikuwa wanatuambia kwamba binti hataki michezo, au dini inakataza. Nilipowauliza mabinti wenyewe, watatu kati ya wanne wakaniambia tatizo ni sketi fupi ya netiboli. Jezi ya timu ilikuja hivyo, na baba hawezi kumruhusu, naye mwenyewe hajisikii vizuri. Kumbe hata kwenye mpira wa miguu FIFA iliruhusu rasmi kufunika kichwa tangu mwaka 2014. Nikachukua kitambaa kile kile cha jezi, chepesi chenye vitundu, nikashona suruali nyembamba ya kuvaa chini ya sketi na mtandio uliobana shingoni usiolegea mtu akiruka. Mtandio unakula robo mita tu. Nyingi nimezitoa kwenye vipande vinavyobaki nikikata jezi za wavulana, vipande ambavyo zamani nilikuwa nafutia mashine. Mabinti kumi na mmoja wakarudi. Na muda wa mazoezi tukausogeza mpaka saa kumi na moja kasorobo, madrasa ikishatoka. Hayo mawili hayakumgharimu mtu fedha ya maana, na yalikuwa yamewazuia miaka yote ile.

Kuhusu ndoto za kuuzwa Ulaya, nitasema kwa kifupi. Wazazi wengine wanalipa wakitegemea hilo, na makocha wengine wanakusanyia hela kwa jina hilo. Mbwana Samatta alitoka Mbagala akafika Genk mwaka 2016 na Aston Villa mwaka 2020, ni kweli, na tunajivunia. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Basi timu za mtaani zisajiliwe na watoto wawe na kumbukumbu zao, ili siku ikitokea zisikose haki yao. Ila mtoto asidaiwe leo kwa ajili ya siku hiyo. Nikiwaangalia wale wanaosimama mstari mbele yangu, wengi watakuwa wavuvi, walimu, mafundi, mama wa watu. Nataka wacheze kwa sababu wana miaka 12.

Na zaidi ya hela kuna kiwanja. Huwezi kupunguza gharama kama eneo la karibu limepimwa viwanja vya nyumba na watoto wanatakiwa kupanda pikipiki kwenda kucheza. Kwetu bado tuna uwanja wa mchanga, na kila Jumamosi asubuhi wazazi wawili kwa zamu wanapita na ndoo kuokota chupa. Nimeokota mwenyewe. Vipande vibaya zaidi ni vile vya chini ya chupa, vinakaa chali kama visahani, havionekani mpaka jua lipige kwa upande. Tulipoandika barua serikali ya mtaa kuomba eneo lile libaki wazi, tuliambatanisha majina ya watoto 47. Bado tunasubiri majibu. Kama mtaa wako una eneo la wazi, andikeni barua sasa, kabla ya vigingi.

Timu yetu ya Ndanda ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, mji huu ulipiga kelele za "Mtwara kuchele" mpaka sauti zikakauka. Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ikafika mpaka makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Siku za mechi kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona watoto wanajipanga nje ya ukuta wakisikiliza tu shangwe. Tunaweza kuwachangia wakubwa, tumeshaonyesha. Ninachoomba ni daftari dogo kila mtaa, likifunguliwa mwezi wa kumi na moja.

Sanduku letu sasa lina jozi 23. Namba 35 na 36 zipo za kutosha. Namba 38 na 39 hazikai, maana watoto wa miaka 13 miguu inakimbia kuliko wao wenyewe, na njumu za wasichana za namba 37 tuna jozi moja inayovaliwa na wawili kwa zamu, mmoja kipindi cha kwanza, mwingine cha pili. Wanabadilishana pembeni ya uwanja wakati wa mapumziko, mmoja anafungua kamba za kushoto, mwingine za kulia, na hawajawahi kuchelewa filimbi.